Mshenga wa Vyuma



Huenda nyumbani kwako iko baisikeli ya zamani imeegemea ukuta: nyeusi, nzito, yenye breki za vyuma virefu badala ya waya, na kiti cha ngozi kilichokwisha kukakamaa. Pengine aliinunua baba yako, au babu yako. Watu wanakuambia uiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kuwa spea zake ni shida, na siku hizi vijana wote wanataka pikipiki. Nakuomba ungoje kidogo. Mimi ni fundi wa baisikeli kijijini. Nimekaa miaka mingi chini ya mwembe ulio karibu na gulio, na baisikeli za namna hiyo ndizo zinazonilisha mimi na watoto wangu. Nataka kukueleza jinsi vyuma vya leo vinavyoweza kupatana na fremu ya zamani, na mahali ambapo havipatani kabisa, hata ukivibembeleza namna gani.

Baisikeli yangu mwenyewe ni Raleigh ambayo marehemu baba aliinunua mwaka wa 1959 kwa fedha za pamba. Fremu ni ile ile, na uma wa mbele ni ule ule. Lakini ringi zimetoka India, mnyororo umetoka China, na kiti kimetoka katika baisikeli ya mitumba iliyotumika kwanza Japani. Ukiitazama kwa mbali utasema ni kitu kimoja. Ukiinama utaona mataifa manne yameshikana. Nayo hayakushikana kwa bahati. Kila mahali palipokutana vyuma viwili visivyo vya ukoo mmoja, ilibidi kumtafuta mtu wa katikati: kipande cha bati, wosha, au pini iliyochongwa kwa tupa. Kitu hicho mimi hukiita mshenga, maana kazi yake ni kupatanisha pande mbili zisizojuana.

Basi kwa nini vyuma havijuani? Yafaa tujue habari hii, kwa kuwa wengi hudhani ni uhodari mdogo wa fundi.

Hapo kale huko Uingereza kila karakana ilikata nyuzi za bolti zake kwa kipimo chake yenyewe. Bolti ya karakana hii haikuingia katika nati ya karakana ile. Mwaka wa 1841 mhandisi Joseph Whitworth alishauri viwanda vyote vifuate kipimo kimoja, na polepole ushauri wake ukakubaliwa na wengi. Baadaye zikaja baisikeli, na baisikeli zikaja na vipimo vyake. Kampuni ya Raleigh, iliyoanza katika mji wa Nottingham katika miaka ya 1880, ilijitengenezea karibu kila kitu, ikashika desturi yake. Katika bakuli zinazolala gololi za kranki, na katika zile za usukani, Raleigh ilikata nyuzi 26 katika inchi moja. Viwanda vingine vya Kiingereza vilikata nyuzi 24. Wafaransa walipima kwa milimeta, na Wataliano nao wakawa na bakuli zilizo nene kuliko za wote.

Mwaka wa 1960 Raleigh iliunganishwa na makampuni yaliyokuwa yakitengeneza Phillips na Hercules. Kwa hiyo jina lililobandikwa kwenye fremu si ushahidi wa kutosha wa nyuzi zilizo ndani yake. Tena kulikuwa na viwanda vipya vya Asia. Flying Pigeon ya Tianjin, China, ilianza mwaka wa 1950, na Hero ya Ludhiana, India, mwaka wa 1956. Wote walitengeneza baisikeli zenye sura ya zile za Kiingereza. Lakini watoto wa sura moja si lazima wavae viatu vya namba moja.

Wala usidhani taabu hii ni yetu peke yetu. Huko Marekani, katika jimbo la Massachusetts, alikuwako fundi mmoja aliyeitwa Sheldon Brown, aliyefariki mwaka wa 2008. Alizipenda sana baisikeli hizi za Kiingereza. Alikusanya vipimo vya nyuzi, vya ringi, na vya pini, akavitoa bure ili mafundi wa dunia nzima wavisome. Vijana wangu hunisomea vipimo hivyo katika simu zao mpaka leo. Basi hata walio katika nchi yenye viwanda huinama juu ya baisikeli kuukuu na kukuna kichwa kama sisi.

Sasa nitakueleza kanuni tatu ninazozifuata.

Kanuni ya kwanza: pima, usikisie. Adui mkubwa ni kile kinachokaribia kufanana. Chukua mfano wa nati. Ekseli nyingi za Kiingereza zina nyuzi 26 katika inchi moja. Ekseli nyingi za leo zina nyuzi zilizoachana kwa mm 1, ndiyo kusema nyuzi 25.4 katika inchi. Kwa macho zote ni sawa. Nati ikianzwa kwa vidole inaingia mzunguko mmoja, miwili, pengine mitatu, halafu inakaza. Mwenye haraka husema, "Ni kutu tu," akachukua spana ndefu. Anaposikia imelegea ghafula, hufurahi kwamba imekubali. Haikukubali. Imekatika nyuzi.

Kama huna chombo cha kupimia, tumia njia hii. Twaa bolti unayoijua, ilaze ubavu kwa ubavu na ile usiyoijua, meno ndani ya meno, kisha uziinue kuelekea jua. Zikilala pamoja urefu wote bila mwanga kupita katikati, ni ndugu. Zikianza vizuri halafu zikapandana, si ndugu, ziweke mbali. Tena kumbuka: kitu kinachofaa huingia kwa vidole mpaka karibu na mwisho. Spana ni ya kukaza, si ya kuingiza. Na usisahau kwamba katika baisikeli za Kiingereza bakuli ya kranki ya upande wa kulia hukazwa kinyume, na pedeli ya kushoto vile vile. Wengi wameharibu kranki nzima kwa kukaza pedeli wakidhani wanaifungua.

Kanuni ya pili: kama lazima kuchonga, chonga kile kilicho rahisi kupatikana, ukihifadhi kile kisichopatikana. Hapa nitakupa mfano wa kotapini, ile pini inayoshika mkono wa kranki kwenye ekseli. Baisikeli nyingi za Kiingereza hutaka pini yenye unene wa mm 9.5. Dukani pengine utapewa ya mm 9. Wengine huifunga bati kuizunguka ili ijae tundu. Baada ya siku chache kranki huanza kugonga, tok, tok, kila unapokanyaga, na tundu lililokuwa mviringo linageuka umbo la yai. Hapo umepoteza kranki kwa ajili ya pini ambayo bei yake ni kidogo sana. Afadhali ungoje pini nene, kisha uchonge ule uso wake bapa kwa tupa, polepole, mpaka ikae sawasawa na uso wa ekseli. Pini zote mbili zichongwe kwa mteremko mmoja, na moja iingie kutoka mbele ikiwa nyingine inaingia kutoka nyuma. La sivyo miguu yako haitakuwa sawa. Weka chuma kizito chini ya kranki ndipo upige nyundo, maana bila hivyo pigo lote huenda kwenye gololi. Nati ya pini si ya kuivuta ndani, ni ya kuizuia isitoke. Ukisha kuendesha maili chache, igonge tena kidogo na ukaze nati.

Na zile bakuli za Raleigh zenye nyuzi 26? Hizo usizitupe. Bakuli ya kawaida ya nyuzi 24 ukiilazimisha humo itaiharibu fremu yenyewe, na fremu haina duka. Zioshe bakuli zako za zamani kwa mafuta ya taa, uzitazame. Kama hazina mashimo, weka gololi mpya na grisi mpya, zitaendelea kufanya kazi. Kwa kawaida kranki hutaka gololi 11 za robo inchi kila upande, na gurudumu la nyuma 9 za kipimo hicho hicho kila upande. Gurudumu la mbele hutaka 10 kila upande, nazo ni ndogo zaidi. Usichanganye mpya na kuukuu. Mpya ni nene kidogo, kwa hiyo ndizo zitakazobeba mzigo wote huku kuukuu zikitembea bure, kama nyumba ambayo wawili wanalima na saba wanakula.

Kanuni ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya niandike. Kabla ya kuweka mshenga mahali popote, jiulize: akiachia njiani, nani ataumia?

Katika kiti, mshenga anafaa. Nguzo ya kiti ikiwa nyembamba kidogo kuliko bomba la fremu, kata bati la kopo la soda. Bati hilo lina unene wa karibu mm 0.1, likizungushwa mara moja huongeza mm 0.2 kwa sababu liko pande zote mbili. Basi nguzo ya mm 25 katika bomba la mm 25.4 hutaka mizunguko miwili. Kunja ukingo wa juu kidogo ili bati lisizame ndani. Hakikisha nguzo imeingia inchi mbili na nusu au zaidi. Kama pengo ni kubwa hata kutaka mizunguko minne au mitano, acha bati. Tafuta kipande cha bomba jembamba, ukipasue kwa urefu, ukivalishe. Katika madigadi, kengele, taa na kifuniko cha mnyororo, fanya upendavyo. Hata kifuniko cha chupa kilichopondwa na kutobolewa chaweza kuwa wosha ya madigadi, na madigadi ikilegea itapiga kelele kabla ya kukudhuru.

Katika valvu pia mshenga anafaa. Baisikeli nyingine za mitumba zina ringi zenye tundu jembamba la valvu, mm 6.5 hivi, na tyubu za madukani kwetu zina valvu nene. Ikiwa ringi ni pana, tundu laweza kupanuliwa kwa tupa ya mviringo, mradi ulainishe ukingo usiukate mpira.

Lakini kuna mahali pasipokubali mshenga. Tairi halimkubali. Watu huja kwangu na tairi lililoandikwa 28 wakilia kwamba limekataa kuingia katika ringi ya 28. Namba hiyo inadanganya. Tazama ubavuni mwa tairi, utaona namba nyingine ndogo zenye kistari. Ya baisikeli zetu kubwa nyeusi ni 40-635: namba ya kwanza ni upana, ya pili ni kipimo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi, kwa milimeta. Lile la baisikeli nyingi za Ulaya linalouzwa kwa jina la 28 mwisho wake ni 622. Tofauti ni mm 13, na hakuna wembamba wa bati wala nguvu ya mikono itakayoziondoa. Hata 26 ziko za 590 na za 559. Soma namba ya mwisho kabla ya kutoa fedha yako.

Breki nayo haimkubali. Msumari uliokunjwa si pini ya breki. Unaliwa na chuma kidogo kidogo, na siku utakapokatika itakuwa siku uliyobana breki kwa nguvu zote, ndiyo kusema siku ya hatari. Na unapobadili mipira, kile kijumba chake mdomo uliofungwa uelekee kule ringi inakokwenda. Ukielekeza mdomo ulio wazi, ringi itauvuta mpira na kuutupa njiani.

Usukani ndio wa mwisho. Hapa nitakusimulia jambo moja.

Jioni moja jirani yangu, kijana mwenye mke na mtoto mmoja, alikuja na baisikeli yake kuukuu. Shingo ya usukani ilikuwa imepasuka, naye alikuwa ameuziwa nyingine njiani. Nikaipima. Ilikuwa mm 21.1, na bomba la uma wake lilitaka mm 22.2. Nikamwambia haifai.

"Shikamoo yangu hujaipokea vizuri, Mzee," akasema akicheka. "Tia bati tu. Mwaka jana ulinitilia bati kwenye kiti, na mpaka leo linashika. Kesho mke wangu anakwenda kliniki. Ana miezi minane."

Kutoka kwetu mpaka zahanati ni maili saba, na njia ina mteremko mrefu wenye mchanga kabla ya kufika daraja. Nikamwambia, "Mwanangu, kiti kikigeuka utakaa upande, watu watakucheka. Shingo hii ikigeuka, wewe utakata kona na gurudumu litakwenda mbele, na mke wako yuko nyuma kwenye keria."

Akasema namfanyia ukali. Nikamwambia achukue baisikeli yangu mimi. Hasira ilikuwa imekwisha kumpanda, akakataa, akaondoka na shingo yake mkononi. Alfajiri niliwaona wakipita kwa miguu, yeye mbele na mwavuli, mke wake nyuma akitembea polepole, mkono kiunoni. Mke wangu alitoka mlangoni akawatazama mpaka wakapotea, kisha akanitazama mimi bila kusema neno. Siku ile sikula vizuri.

Kwa majuma mawili kijana yule hakuniamkia. Halafu siku ya gulio alileta shingo nyingine, ya kipimo, aliyoagiza mjini. Nikaifunga kwa muda wa robo saa. Hatukuzungumza habari ya siku ile. Mtoto alikwisha kuzaliwa salama.

Msomaji mwingine atasema: pengine bati lingeshika. Ndiyo, pengine. Kwa mizunguko mitano au sita lingeweza kushika mwezi mzima. Lingeweza pia kuachia asubuhi ile ile, mteremkoni. Fundi anayetia mshenga hapo hajui ni lipi litakalotokea, na anayepanda hajui kwamba fundi hajui. Hiyo ndiyo sababu yangu, wala sina nyingine. Mteja ana haki ya kunikasirikia. Mimi sina haki ya kumpa kitu ambacho sitathubutu kumpakia mke wangu.

Kwa hiyo nakuomba, wewe baba au mama mwenye baisikeli ya zamani nyumbani, fanya mambo machache juma hili. Igeuze juu chini. Shika gurudumu la mbele ulitikise kwa upande. Likicheza, itazame ekseli na gololi. Irudishe chini, bana gurudumu la mbele kati ya magoti yako, uzungushe usukani kwa nguvu. Ukigeuka pasipo gurudumu kugeuka, hakuna atakayeipanda mpaka itengenezwe. Vuta breki, angalia kila pini ya vyuma vyake, na kama ni msumari, uondoe. Pima mnyororo kwa rula: kutoka pini moja mpaka ya ishirini na nne mbele yake ni inchi 12 kamili kwa mnyororo mpya. Ikizidi kwa sehemu ya nane ya inchi, umekwisha kuchakaa na unakula meno ya gia.

Tena weka kopo nyumbani. Kila bolti, bakuli, wosha na koni inayotoka katika baisikeli ya zamani, itie humo na mafuta kidogo. Mnunuzi wa vyuma chakavu atakupa bei ya kilo. Lakini siku bakuli yako ya nyuzi 26 itakapopasuka, ile iliyomo koponi ndiyo itakayoirudisha baisikeli njiani.

Na fundi wako akikuambia, "Hapa siwezi kutia bati," usimwone mvivu wala mwenye roho mbaya. Muulize kipimo, kiandike kwenye karatasi, ukakitafute. Siku hiyo utatembea kwa miguu, nami najua maili saba ni nyingi.